Mtaa wa Mfalme Petar, kutoka Danube hadi Sava

Mkataba wa Belgrade, uliotiwa saini Septemba 1739, ulikuwa na sharti zito kwa mafundi: waliojenga wabomoe. Waaustria walikuwa wameuteka mji huo kutoka kwa Waosmani mwaka 1717, chini ya Eugene wa Savoy, na kwa miaka ishirini na miwili wakaufanyia kazi usiku na mchana. Walichimba mahandaki, wakainua buruji za pembe kali, maghala ya baruti, kambi za askari, makanisa, na safu za nyumba zilizopangwa kwa kamba. Kisha vita vilivyoanza 1737 vikawaendea vibaya. Waosmani wakarudishiwa mji, ila si kuta mpya. Kuta mpya zilivunjwa na jeshi lile lile lililozijenga, na ubomoaji uliendelea hadi mwaka 1740. Nicolas Doxat, Mswisi aliyezichora, hakuwapo. Mwaka 1737 aliusalimisha mji wa Niš maji na chakula vilipowaishia watu wake, na Machi 1738 akakatwa kichwa Belgrade, mji aliouzungushia kuta.

Si kila kitu kilivunjwa. Katika Mtaa wa Car Dušan, namba 10, upande wa Danube, kuna nyumba iliyojengwa kati ya 1724 na 1727, ikiwa sehemu ya safu ya nyumba za Waaustria. Ndiyo nyumba ya kuishi kongwe kuliko zote zinazosimama Belgrade leo. Si jumba. Mlango wake, madirisha yake na paa lake la vigae ni vya mtu wa kawaida aliyetaka pa kulala na pa kuuzia bidhaa. Waliokuja kubomoa walitafuta ngome, na nyumba hii haikuwa na mzinga.

Mimi ni mpima ardhi kutoka Tanga. Nilisoma Belgrade miaka ya 1980 kwa ufadhili wa serikali ya Yugoslavia, wakati nchi zisizofungamana na upande wowote zilipokuwa zikipelekeana wanafunzi kwa wingi. Nilipanga chumba Dorćol, mtaa wa zamani unaoshuka kutoka kilimani hadi Danube. Mama mwenye nyumba aliniita "mwanangu" tangu siku ya kwanza, na ndiye aliyenifundisha kuwa Belgrade haitazamwi kutoka barabara kuu. "Panda na mtaa wetu huu mpaka juu, kisha teremka upande wa pili," alisema. "Ukifika Sava utakuwa umeshapita kila mtu aliyewahi kututawala."

Mtaa aliousema siku hizo uliitwa Julai 7, kwa kumbukumbu ya siku ya 1941 ambayo wakomunisti waliihesabu kuwa mwanzo wa uasi wa Serbia dhidi ya Wajerumani. Leo umerudia jina la mfalme, Kralja Petra. Hauzidi mwendo wa robo saa. Najua Serbia ina majengo yanayovuta macho zaidi. Subotica, karibu na mpaka wa Hungary, ina jumba la mji la Marcell Komor na Dezső Jakab, lililojengwa 1908 hadi 1910, na sinagogi waliyoichora kabla yake, yote mawili yakimeta kwa vigae vya rangi kutoka kiwanda cha Zsolnay. Novi Sad inatazamwa kutoka ng'ambo ya mto na ngome ya Petrovaradin, ambayo mnara wake wa saa una mkono mrefu wa kuonyesha saa na mfupi wa dakika, ili wenye mashua Danube wasome kutoka mbali. Mizinga ya ngome hiyo hiyo ndiyo iliyoangamiza zaidi ya theluthi mbili ya nyumba za Novi Sad mwezi Juni 1849. Yote hayo nimeyaona na nayaheshimu. Lakini mgeni mwenye nafasi ya asubuhi moja tu Serbia nzima, mimi ningempeleka Dorćol.

Kutoka Car Dušan unaanza kupanda. Njia inayokata mtaa wetu, Gospodar Jevremova, ina vitu viwili ambavyo lazima uvitazame kwa pamoja. Namba 11 ni Msikiti wa Bajrakli, uliojengwa yapata mwaka 1575: mraba wa mawe, juu yake ngazi ya pembe nane, juu yake kuba moja, na mnara pembeni. Zamani mji huu ulikuwa na misikiti mingi, na hapa ndipo palipokaa mjuzi wa kukokotoa nyakati za sala. Wakati ukiingia, bendera ilipandishwa ili waadhini wa misikiti mingine waione. Waaustria waliufanya kanisa la Kikatoliki tangu 1717 hadi 1739, na walipoondoka ukarudi kuwa msikiti. Leo ndio pekee wa zama za Waosmani uliobaki Belgrade na bado unasaliwa. Niliswali humo Ijumaa nyingi, bega kwa bega na wanafunzi wa Sudan, Palestina na Iraq, pamoja na wazee wa Sandžak waliovaa kofia nyeusi. Usiku mmoja wa Machi 2004, kwa hasira ya machafuko ya Kosovo, kundi la watu liliuchoma moto, na maktaba yake ikateketea. Ulikarabatiwa. Nilipoingia tena nilipapasa mawe ya ukuta wa kibla, nikamshukuru Mungu kwamba kuba la mawe halishiki moto kirahisi.

Hatua chache kutoka hapo, namba 21, kuna nyumba ya Kituruki ya karne ya 18, ghorofa moja juu, yenye chumba kilichotokeza mbele. Dositej Obradović, mwandishi na mtawa aliyezunguka Ulaya akitafuta elimu, alianzisha Shule Kuu ya Waserbia mwaka 1808, wakati wa uasi wa kwanza dhidi ya Waosmani, na shule hiyo ilisomesha humu hadi 1813. Waasi walikuwa wamewatoa mabwana, na kwenye nyumba ya bwana mmoja wakaweka madawati. Sasa ni makumbusho ya Dositej na ya Vuk Karadžić, aliyetengeneza maandishi ya Kiserbia na ambaye mwenyewe alikuwa mwanafunzi hapo.

Kuna jengo la tatu ambalo halipo. Wayahudi waliotoka Hispania waliishi Dorćol kwa karne nyingi, na kati ya 1907 na 1908 walijenga sinagogi ya Bet Israel katika Mtaa wa Car Uroš, kwa michoro ya Milan Kapetanović. Iliharibiwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jamaa iliyosali humo iliuawa karibu yote: wanaume kwa risasi mwaka 1941, wanawake na watoto katika kambi ya Sajmište, ng'ambo ya Sava, ambako majira ya kuchipua ya 1942 walipakiwa kwenye gari lililogeuzwa chumba cha gesi. Juu ya kiwanja cha sinagogi leo kuna Jumba la Michoro ya Ukutani, lenye nakala za michoro ya monasteri za Serbia. Nakala zenyewe ni kazi bora. Lakini anayeingia ajue amesimama wapi.

Ukirudi Kralja Petra na kupanda zaidi, utakutana na ukuta uliofunikwa vigae vya kijani. Hiyo ni namba 41, nyumba ya mfanyabiashara Stamenković, ya mwaka 1907, iliyochorwa na Andra Stevanović na Nikola Nestorović. Wengi wa mafundi wa kizazi hicho walisoma Vienna, Berlin au München, na walirudi wakitaka maua na mistari ya mawimbi juu ya kila dirisha. Sina mengi ya kusema juu yake isipokuwa kwamba vigae vile, baada ya mvua, ndivyo vitu vizuri kuliko vyote mtaani.

Kisha unafika mgongo wa kilima, panapokata Mtaa wa Knez Mihailo, na hapo mpima ardhi lazima asimame.

Juni 1862, kwenye bomba la maji la Čukur, si mbali na hapo, kijana aliyekwenda kuteka maji aliuawa na askari wa Kiosmani. Mji ukalipuka, na siku mbili baadaye mizinga ya ngome ya Kalemegdan ikaupiga. Wakati huo Serbia ilikuwa na mtawala wake, Knez Mihailo, lakini ngome na sehemu ya mji bado zilikuwa za sultani. Mabalozi wa mataifa makubwa walikutana Kanlica, kando ya Bosporus, na Septemba wakaamua kuwa raia Waislamu waondoke mjini na askari wabaki ndani ya ngome tu. Familia zilizokaa vizazi kwa vizazi zikafunga mizigo. Aprili 1867 Knez Mihailo akakabidhiwa funguo za ngome, na askari wa mwisho wakaondoka.

Ulibaki mji ulionusurika nusu, wenye nyumba tupu, vichochoro vilivyopindapinda, na handaki la zamani linaloutenga na vitongoji. Aliyeupima ni Emilijan Josimović, mwalimu wa hisabati. Aliingia mitaani na wanafunzi wake, akapima kichochoro kwa kichochoro, na mwaka 1867 akachapisha ramani na maelezo ya namna ya kuupanga upya. Mitaa inyooshwe. Handaki lijazwe, na mahali pake paoteshwe bustani zitakazouzunguka mji wote, watu wapate hewa. Alikuwa wa kwanza Serbia kuufikiria mji mzima kama kitu kimoja, na Mtaa wa Knez Mihailo, ambao wageni wote huutembea leo, ni mstari wa kalamu yake.

Waliomfuata walichukua mistari iliyonyooka na kuziacha bustani. Ardhi ya handaki ilikuwa na bei. Pete ya miti haikufungwa kamwe, na ndiyo sababu leo katikati ya Belgrade ukitafuta kivuli utakimbilia Kalemegdan. Hata Msikiti wa Batal, mkubwa na mzuri, uliosimama karibu na lilipo Bunge la sasa, ulibomolewa mwaka 1869 ingawa kulikuwa na fikra ya kuukarabati uwe nyumba ya nyaraka za serikali. Wapo wanaomlaumu Josimović kwa kufuta mji wa Kiosmani. Mimi siwaungi mkono. Mji ule ulifutwa na mizinga, na uhamisho, na watu waliotaka kusahau upesi. Ramani yake ndiyo inayoonyesha mitaa ya zamani chini ya mipya, na bila yeye tusingejua hata nyumba zilikaa wapi. Nilipoitandika mezani mara ya kwanza, chuoni, mwalimu wetu alituacha tuikodolee macho kipindi kizima bila kusema neno. Kila mstari ulikuwa umetembewa kwa miguu.

Ukivuka Knez Mihailo, mtaa unaanza kuteremka kwenda Sava, na majengo yanakuwa ya dola. Benki ya Taifa, ya 1889 na 1890, ni kazi ya Konstantin Jovanović, mzaliwa wa Vienna mwenye asili ya Kiserbia, ambaye alichora pia Bunge la Bulgaria. Imetulia, imejaa mawe, na inasema kile ambacho benki yoyote hutaka kusema.

Shule iliyo namba 7 ndiyo inayonipendeza. Ni Shule ya Msingi ya Mfalme Petar wa Kwanza, iliyojengwa 1905 na 1906, na aliyeichora ni Jelisaveta Načić, mwanamke wa kwanza Serbia kuwa msanifu majengo. Alihitimu mwaka 1900. Wizarani hakuweza kupata cheo kamili kwa sababu kanuni ilimtaka mwajiriwa awe amelitumikia jeshi, na mwanamke hakupita jeshini. Akaenda kufanya kazi manispaa ya Belgrade, na manispaa ikafaidi. Ngazi ndogo ya mawe inayoteremka ndani ya bustani ya Kalemegdan ni yake. Nyumba za wafanyakazi, miongoni mwa za mwanzo kabisa za aina hiyo katika Balkani, ni zake. Kanisa la Aleksandar Nevski, kule chini Dorćol, ni lake pia. Msingi uliwekwa 1912, vita vikaingilia, na halikukamilika hadi kufikia 1930, wakati yeye alishaiacha kalamu. Vita vya Kwanza vilipokuja Waaustria walimfunga katika kambi ya Neusiedl. Humo aliolewa na mfungwa mwenzake, Mwalbania Luka Lukai, na baada ya vita hakuchora tena jengo lolote. Alifariki 1955.

Simama upande wa pili wa barabara uitazame shule hiyo saa ya mapumziko. Madirisha ni makubwa na mengi, ngazi za ndani ni pana, na kila darasa linapata mwanga. Kulikuwa na wasanifu wanaume wa wakati wake walioweka nguvu zote kwenye uso wa mbele na kuwaachia watoto giza. Yeye aliwafikiria kwanza watakaokaa ndani, na ndiyo maana jengo hilo, baada ya zaidi ya miaka mia moja, bado ni shule na si makumbusho.

Mkabala nalo, namba 6, kuna mkahawa ambao jina lake ni alama ya kuuliza: "?". Nyumba ilijengwa 1823 na mfanyabiashara Naum Ičko. Knez Miloš Obrenović, baba yake Mihailo, baadaye alimpa nyumba hiyo tabibu wake Ećim Toma. Mwaka 1892 mwenye mkahawa alitaka kuupa jina la Kanisa Kuu lililo mbele yake, mapadri wakakataa katakata kanisa litajwe kwenye mlango wa pombe, naye akatundika alama ya kuuliza mpaka mambo yatulie. Bado imetundikwa. Ndani, meza ni za chini, viti ni vigoda vya mbao, na kahawa huletwa katika chombo kidogo cha shaba chenye mkono mrefu.

Ingia hata kama huna kiu, utazame kuta. Hazijajengwa kwa jiwe. Ni kiunzi cha mbao, nguzo na mishazari, na katikati pamejazwa matofali ya udongo kisha pakapigwa lipu ya chokaa. Mtu aliyekulia katika nyumba ya kukandika ataielewa mara moja. Nyumba nyingi za Belgrade ya Kiosmani zilikuwa hivi. Zilijengwa upesi, zilipoa wakati wa joto, tetemeko halikuziangusha kirahisi, na ziliungua. Kila kuzingirwa kwa mji kulizipunguza, na baada ya 1867 waliokuwa na fedha waliona haya kukaa ndani yake.

Kanisa Kuu la Malaika Mikaeli lilijengwa 1837 hadi 1840 kwa amri ya Miloš, nalo lina mnara wa mtindo wa Ulaya ya kati, ulioelekezwa makusudi uonekane kutoka ng'ambo ya Sava, ambako wakati huo ilikuwa Austria. Yeye na Mihailo wamezikwa ndani. Dositej na Vuk wamelala nje, mbele ya mlango. Lakini nyumba ambayo Miloš aliijenga kabla ya hapo kwa ajili ya familia yake, kati ya 1829 na 1831, iliyo karibu na kanisa na inayojulikana kama nyumba ya Kneginja Ljubica, mkewe, ina ukumbi mpana wenye mabaraza ya kukalia kando ya madirisha, ina hamamu, ina paa lililochomoza mbali kukinga kuta. Hadži-Nikola Živković aliyeisimamia alikuwa fundi wa mila ya Balkani. Mtu aliyepigana na Waosmani alitaka kuishi katika nyumba ya Kiosmani, kwa sababu ndiyo nyumba aliyoijua kuwa nzuri, na nguzo chache za kuchora kwenye uso wa mbele zikatosha kuiambia Ulaya kuwa inasikilizwa.

Nyuma ya kanisa unatokea Kosančićev venac, ukingo wa kilima juu ya Sava, wenye njia ya mawe na nyumba za chini. Palikuwa na Maktaba ya Taifa. Jumapili ya Aprili 6, 1941, Ujerumani iliishambulia Yugoslavia bila kutangaza vita, na mabomu ya moto yakaiangukia maktaba hiyo. Viliungua vitabu takriban 350,000, na pamoja navyo miswada 1,424 ya Kisirili, mingine ya zama za kati, hati za Kiosmani, ramani, magazeti, barua. Nchi iliyokuwa imebomolewa mara nyingi namna ile ilikuwa imeweka humo ushahidi wa yaliyobomolewa. Maktaba mpya ilifunguliwa kilima cha Vračar, Aprili 6, 1973, tarehe iliyochaguliwa makusudi.

Kiwanja cha zamani kimebaki misingi na magugu, na kila baada ya miaka huzuka mpango wa kukijengea. Nimesikia hoja za wanaotaka jengo jipya hapo, na kuna walio waaminifu kati yao. Hata hivyo nasimama na wanaotaka misingi ibaki wazi, lakini isiachwe kama ilivyo. Magugu yang'olewe, maji ya mvua yaelekezwe mferejini kabla hayajaila chokaa iliyobaki, na kuta za zamani zipimwe upya na kuwekewa alama ardhini, chumba kwa chumba, ili anayepita ajue rafu zilisimama wapi. Kazi hiyo haihitaji saruji wala mwekezaji. Inahitaji timu ndogo ya wapima, theodolaiti moja, na ruhusa ya mji.